Kofia ya Mfuma Hariri

Siku kadi ilipoletwa nilikuwa juu ya ngazi, napaka rangi ya kijani mbao za ukingo wa paa. Nyumba ilikuwa ya kasisi mstaafu wa Kianglikana, huko Junda, na kazi niliipata kwa kupita tu njiani na kuona rangi inabanduka. Nilikuwa nimetoka Miritini, nilikokuwa nikipakua malori mpaka mgongo ukakataa. Kabla ya hapo nilikuwa Port Reitz, nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Kabla ya hapo ni orodha ndefu. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo sijamaliza miaka miwili mahali pamoja.

Aliyebisha lango alikuwa mtu wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, viatu vinang'aa. Nilidhani amekosea nyumba.

“Shikamoo, baba.”

Kasisi alikuwa ameketi barazani. Hakuinuka. “Marahaba.”

“Nimekuletea kadi. Mjukuu wako anaolewa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, inshallah, baada ya alasiri. Nikaha ni pale pale nyumbani, Likoni.”

“Nimesikia. Alinipigia simu mwenyewe.”

“Basi utakuja?”

“Weka kadi mezani. Macho yangu hayaoni tena maandishi.”

“Nikusomee?”

“Usije ukachelewa kivuko.”

Yule mtu aliiweka kadi mezani polepole, kama anayeweka yai. Akaniangalia huko juu, akasema, “Kazi njema, fundi,” akatoka na kulifunga lango bila kulipiga. Kasisi alibaki akiipapasa ile kadi kwa kidole gumba, akizifuata herufi za dhahabu zilizoinuka.

“Yule ni mwanangu,” akasema, kana kwamba nimeuliza. “Ndiye pekee.”

Habari yenyewe alinipa vipande vipande, siku baada ya siku. Miaka ishirini na zaidi nyuma, mwanawe alitaka kuoa binti wa familia ya Likoni, akasilimu. Wakati huo kasisi bado alikuwa anahudumu kanisani, na Jumapili iliyofuata ilimbidi apande mimbari huku kila jicho likimwuliza swali moja. Hakumlaani mwanawe, wala hakumfukuza. Walionana hospitali, walionana kwenye mazishi ya mke wa kasisi. Ila hakuwahi kukanyaga nyumba ya mwanawe wala kula chakula chake, na sasa mjukuu, ambaye humpigia simu kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa anaolewa katika nyumba hiyo.

Mimi nilikuwa fundi wa rangi tu. Lakini nina ugonjwa mmoja, nao ni kusoma chochote kilicho mbele yangu. Nilipoingia kupaka vyumba nilitandaza magazeti ya zamani sakafuni, na kila nikichovya brashi nilikuwa nasoma. Kasisi alikuwa akisikiliza kimya changu.

“Fundi, unapaka au unasoma?”

“Napaka, kasisi.”

“Brashi haijagusa ukuta tangu nilipoanza chai.”

Nikacheka, nikakiri. Akaniuliza kama naweza Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza changu nimekiokota njiani, kwenye makasha ya bandarini, kwa madereva na kwa wageni, na kamusi moja isiyo na herufi A.  Kisha akaniambia niende kabatini nikatoe kitabu kilichofungwa kwa kitambaa.

Kilikuwa kitabu cha zamani, jalada limekwenda, pembe zimeliwa na mchwa. Alikiokota ujanani katika stoo ya kanisa, kikiwa karibu kuchomwa na takataka. Kilieleza maisha ya kasisi mmoja wa Uingereza aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, mtoto wa wakimbizi kutoka Ufaransa. Jina lake sitaliandika. Kasisi mwenyewe hakulitumia. Alimwita “Mfaransa wetu,” kama vile mtu wa jirani.

“Daktari atanitoa mtoto wa jicho mwezi ujao,” akasema. “Nataka kumsikia Mfaransa wetu kabla ya hapo. Wewe soma Kiingereza, ukikwama nitakusukuma. Sura moja kwa siku, baada ya kazi. Siyo mbili.”

Kwa alama ya kukumbuka ukurasa alitumia kadi ya harusi.

Ndivyo nilivyoanza, na sijui nieleze vipi kilichonipata. Nimesikia hadithi nyingi katika maisha yangu, kwenye malori na kwenye vibanda vya kahawa, lakini ile ilinikamata shingo.

Baba yake Mfaransa wetu alikuwa mfuma hariri. Alikuwa Mhugenoti, ndivyo walivyoitwa Waprotestanti wa Ufaransa, na mfalme wa huko alikuwa ameamua wasiwepo tena. Hakuwaua wote. Aliwapelekea askari wakae majumbani mwao, wale chakula chao, na wapige ngoma kando ya kitanda ili mwenye nyumba asilale. Mfuma hariri alipigiwa ngoma siku tatu, usiku na mchana. Siku ya nne alitia saini karatasi ya kuikana imani yake. Kisha akatoroka na mkewe mjamzito, wamefichwa chini ya magunia ya chumvi melini, wakafika London. Huko, wakimbizi wenziwe walikuwa na desturi yao. Aliyetia saini karatasi ile lazima asimame mbele ya kanisa zima la Wafaransa, aseme kwa sauti: nilitia saini. Akasimama, akasema. Na akaapa hatatia tena saini karatasi yoyote ya dini mpaka afe.

Niliweka kitabu chini. “Kasisi, na mtu akisema hivyo, wanamfanya nini?”

“Wanampa mkono. Wote. Mmoja mmoja.” Akavuta pumzi. “Watu wangu nao waliletwa na bahari, fundi. Bibi mzaa baba alitolewa na Waingereza kwenye jahazi la watumwa, akashushwa hapa Kisauni. Siku moja akapewa shamba, jina na kanisa. Mimi nikawa kasisi wa kanisa hilo. Unaelewa kwa nini nilikiokota kitabu hiki?”

Nilisema naelewa. Nilielewa nusu.

Mtoto aliyezaliwa London alikuwa na akili ya ajabu. Alikwenda chuo kikuu bila senti, kwa kuwatumikia wanafunzi matajiri. Aliwawashia moto, akawaletea sahani, akala kilichobaki. Nikamwambia kasisi kazi hiyo nimeifanya Port Reitz, na hakuna aliyenibakishia kitabu. Alicheka mpaka akakohoa.

Lakini ili awe shemasi, kisha kasisi, katika kanisa la Waingereza, kijana yule ilimpasa kutia saini. Makala ya imani ya kanisa lile, zaidi ya thelathini, na jina lake chini. Baba yake hakulitaka kanisa lile la maaskofu na majoho. Wakimbizi walikuwa na kanisa lao, la Kifaransa, lisilo na askofu. Alipojua mwanawe ametia saini, alimwambia neno moja tu, ambalo kasisi alinifanya nilisome mara tatu, kisha akalitia Kiswahili mwenyewe, polepole:

“Mimi nilitia saini kwa kupigiwa ngoma. Wewe ngoma yako iko wapi?”

 Nje mtu alikuwa anauza maji kwa mkokoteni, anapiga kelele.

“Nilimwuliza mwanangu hivyo hivyo,” kasisi akasema. “Ila mimi nilitumia maneno mabaya zaidi.”

Siku ile hakunitaka nisome tena.

Sura zilizofuata zilinifanya niwe nafika kazini mapema na kuondoka nimechelewa. Mfaransa wetu alipelekwa parokia ya nchi ya vinamasi, kando ya bahari. Kasisi mkuu wa pale aliishi mjini, anapokea mapato ya parokia, wala hakanyagi. Kazi yote alifanya Mfaransa wetu kwa mshahara mdogo, miaka ishirini na miwili. Miaka ishirini na miwili! Nilihesabu yangu katika muda kama huo, nikapata vyumba kumi na vinne vya kupanga na kazi nisizoweza kuzitaja zote. Yeye alizika, alibatiza, alitembea kwenye matope na viatu begani. Alijifunza lafudhi ya wale wavuvi na wachunga kondoo mpaka wakasahau kumcheka. Vita vilipozuka na Ufaransa walimwita jasusi, wakamrushia samaki mbovu mlangoni. Jumapili akapanda mimbari, akasema watu wa parokia wamshukuru Mungu, maana hajawahi kuletewa samaki na watu wengi kiasi kile.

Na kulikuwa na homa. Homa ya kutetemeka, inayokuja na kuondoka kwa vipindi.

“Kasisi, hii si malaria?”

“Ndiyo.”

“Uingereza?”

“Soma, bwana. Mbu hakuumbwa kwa ajili yetu peke yetu.”

Dawa ilikuwepo, unga wa gome la mti kutoka Amerika. Lakini mapadri wa Kikatoliki ndio walioileta, na wanaparokia walikataa kumeza kitu cha mapadri. Waliona heri kutetemeka mpaka kaburini. Sasa fikiria ni nani aliyekuwa anawabembeleza. Ni mtoto wa mtu aliyenyimwa usingizi na askari wa mfalme Mkatoliki. Alisimama mlango wa kanisa na bilauri, akauchanganya ule unga na divai, akainywa mbele yao. Kisha akawaambia kwamba uchungu wake hauna dhehebu.

 Nilimwambia kasisi sijui kama katika maisha yangu yote nimewahi kusimama mahali kwa namna hiyo. Akajibu kwamba mtu hasimami siku moja. Husimama leo, na kesho akakuta bado yupo.

Wiki ya harusi ikafika. Rangi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nazungusha brashi mahali palipokwisha kupakwa ili nipate sababu ya kubaki. Kadi ilikuwa imesogea mpaka karibu na mwisho wa kitabu. Kasisi hakusema atakwenda, hakusema hatakwenda. Mjukuu alipiga simu Jumapili, nikamsikia babu akimwuliza habari za kiwiko chake kilichoumia utotoni, habari za mvua, habari za kila kitu isipokuwa Jumamosi.

Jumatano, kasisi akiwa anaoga, nilifanya kosa. Nilisoma mbele. Nikakuta sura ambayo baba, yule mfuma hariri, anakwenda kanisani kwa mwanawe. Nikapiga hesabu. Kwa sura moja kwa siku, ile ingesomwa Jumapili, siku moja baada ya harusi. Basi jioni nilifungua kitabu, nikakohoa, nikasema:

“Kasisi, hapa pabaya. Mchwa wamekula sura nne. Inabidi turuke.”

“Nne?”

“Nne nzima.”

“Zimeanza wapi na zimeishia wapi?”

“Zinaanza hapa anapougua, zinaishia pale baba yake anapokuja.”

 Kisha mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

“Mchwa hao wamesoma kuliko wewe. Wanajua sura inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwanangu, kitabu hicho nimekisoma mara tano kabla macho hayajaziba. Unadhani sijui kilichomo? Nilikuwa nahesabu kama wewe. Nilipanga sura moja kwa siku ili ile ije baada ya Jumamosi.”

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwomba radhi. Akapunga mkono.

“Umeniongopea kwa sababu sioni. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Sasa soma.”

Nikasoma. Mama alikuwa amefariki, na mfuma hariri alikuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Jumapili moja alishuka kwenye gari la farasi pale vinamasini bila kutuma habari, akaingia kanisani, akaketi nyuma kabisa. Ibada ikaenda. Mwanawe alipopanda mimbari na kuanza kuhubiri, mzee akavaa kofia yake.

Katika kanisa la Waingereza mwanamume havai kofia ndani, hata kidogo. Lakini katika kanisa la wale wakimbizi desturi ilikuwa nyingine. Wakati wa sala na wakati Neno linaposomwa, kichwa wazi. Wakati wa mahubiri, kofia kichwani, kwa kuwa mahubiri ni maneno ya mwanadamu tu. Mzee hakuja kutukana. Alikuja na adabu ya kwao, hakuwa na nyingine. Mzee wa kanisa akamwendea na fimbo yake kumwamuru aivue. Watu wakageuka. Na Mfaransa wetu, kutoka juu mimbarini, akakatiza mahubiri yake akasema kwa lugha ya vinamasi:

“Mwacheni baba.”

Akaendelea pale alipoishia. Mahubiri yalipokwisha na sala kuanza, mzee akaivua kofia mwenyewe. Kitabu hakisemi walizungumza nini baadaye. Kinasema tu kwamba mzee hakurudi tena London, na kwamba kila Jumapili mpaka alipokufa kulikuwa na kofia moja nyeusi katika kanisa lile.

Nilipomaliza, kasisi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

“Yule mzee alikwenda na kofia,” akasema. “Mimi nitakwenda na nini?”

 Asubuhi yake aliniambia nipige viatu vyake rangi.

Jumamosi tulivuka pamoja. Alivaa suti nyeusi, kola yake ya ukasisi, na kofia ya kizungu ya majani aliyonunua ujanani. Nilimshika kiwiko kwenye kivuko, na watu wa pale, wakiona kola na fimbo, wakatupisha. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, wanangu.” Hakusema neno jingine mpaka tukafika.

Uani kwa mwanawe kulikuwa na turubai na mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa safu safu, kanzu nyeupe tupu, na kila kichwa kina kofia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeazima moja. Mwana alikuwa mbele kabisa, karibu na sheikh na bwana harusi, kwani yeye ndiye aliyekuwa wa kumwoza bintiye. Sheikh alikuwa ameanza hutuba. Tukavua viatu ukingoni mwa mkeka. Na kasisi, kwa mkono ule ule aliovulia viatu, akavua kofia yake, akaishika kifuani.

Kichwa chake cheupe kikabaki wazi katikati ya kofia zote zile.

Nilijua amefanya nini. Ndivyo mwanamume anavyosimama mbele za Mungu katika kanisa lake, na kwa macho yale hakuweza kuona wenzake wamevaa nini. Au alijua. Mpaka leo sijui. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akaona, akamgusa kwa upole, akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kulisikika uani kote:

“Mzee wetu, vaa kofia yako. Hapa hatuvui.”

“Kwetu tunavua,” kasisi akasema.

Hakusema kwa ubishi. Lakini vichwa viligeuka, sheikh akasita, na mtu mmoja akaanza kuinuka na kofia ya akiba mkononi.  Nilimwona kasisi akigeuka kidogo, kuelekea kule tulikoacha viatu.

Kutoka mbele, sauti ikasema:

“Mwacheni baba.”

Alikuwa mwanawe. Alikuwa amesimama. Kitabu kile hakuwahi kukisoma. Kasisi alikuwa ameniambia kwamba mwanawe hakupenda vitabu hata kidogo, alipenda injini. Najua ni maneno mawili ya kawaida, na mtoto yeyote mwenye adabu angeyasema. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilikuwa pale, na nilimwona kasisi akifunga macho yake yasiyoona.

Sheikh akatabasamu, akasema, “Mkaribisheni mzee wetu mbele,” akaendelea na hutuba. Tukapitishwa kati ya magoti ya watu mpaka safu ya kwanza. Kasisi akaketi, kofia ya majani mapajani. Mwanawe akashika mkono wa bwana harusi, akamwoza binti yake kwa sauti iliyokatika mara moja tu. Dua ilipofika watu wakainua viganja. Kasisi alifumbata vyake kama alivyozoea, akainamisha kichwa.

Kisha zikaja sinia za biriani, watu wanne wanne. Kwetu tulikuwa kasisi, mimi, yule mzee wa safu ya nyuma na mwenye nyumba mwenyewe, aliyekunja kanzu na kukaa chini pamoja nasi. Maji ya kunawa yakapitishwa. Kasisi alinawa, kisha mkono wake ukabaki hewani, juu ya sinia, haujui uende wapi. Miaka yote ile ilikuwa kwenye mkono huo. Nilitaka kumwelekeza. Nikajizuia.

Mwanawe alikuwa anakula upande wake, lakini kila mara vidole vyake vilisukuma kipande cha nyama kuvuka wali mpaka upande wa baba yake, kama wafanyavyo watu wa huku kwa mgeni wanayemheshimu, bila kuangalia, bila kusema. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mkono wa kasisi ukashuka. Ukakuta nyama, ukakuta nyingine, ukasita.

“Nani ananisukumia nyama?”

“Ni mimi, baba.”

“Nilijua,” kasisi akasema, akatia tonge mdomoni.